Kabla Hujaifomati Diski ya Nje, Chunguza Habu ya USB

Diski ya nje inayopotea kwenye kompyuta ikiwa imechomekwa kupitia habu ya USB, kile kiboksi cha kugawa tundu moja kuwa manne au saba, huhukumiwa haraka mno. Mwenye nayo husikia mlio wa kompyuta ukitangaza kwamba kifaa kimeingia, kisha mlio wa kutoka, kisha wa kuingia tena. Folda zinafunguka nusu, kunakili kunakwama njiani, na hatimaye Windows inaleta ujumbe kwamba diski ni lazima ifomatiwe, yaani ifutwe na kupangwa upya, kabla ya kutumika. Anaibeba hadi kwa fundi, na fundi, aliyeletewa diski peke yake bila habu, bila kebo na bila ile kompyuta iliyokuwa ikisumbua, anaifomati au anatangaza kwamba imekufa. Naandika haya kwa sababu nimeona kazi za watu zikifutwa kwa namna hii, na inaniuma, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa haukuwa ndani ya diski hata kidogo. Ulikuwa kwenye umeme.

Kisa kilichonisukuma kuyaandika kilimhusu kijana wa mtaani kwetu Magomeni, Dar es Salaam, ambaye kazi yake ni kuhariri video za harusi na sendofu. Diski yake ilikuwa ya inchi 2.5, ile ndogo inayoenea mfukoni, yenye ujazo wa terabaiti 2, na humo zilikuwamo video ghafi za sherehe ambazo kadi za kamera zilikwisha kufutwa ili zitumike kwingine. Alifika amekata tamaa. "Kaka, fundi ameniambia niifomati tu, itapona," alisema, "lakini humo ndani mna harusi ambazo wenyewe bado hawajachukua kazi yao." Nilimwomba arudi nyumbani akalete kila kitu kilichokuwa mezani siku diski ilipoanza kusumbua, asiache hata kimoja kwa kudhani hakihusiki. Alirudi na kompyuta mpakato yenye matundu mawili ya USB ambayo moja lilikuwa limelegea, habu ya matundu manne isiyo na adapta, mausi, kisoma kadi, kebo ya kuchajia simu, na feni ndogo ya USB, ambayo kwa joto la Februari hakuna anayeweza kumlaumu kwa kuwa nayo. Vyote hivyo, pamoja na diski, vilikuwa vinategemea tundu moja la kompyuta.

Hesabu ya jambo hili si ngumu, na kila anayetumia diski ya nje anastahili kuijua. Tundu la USB hutoa umeme wa volti 5. Kwa kanuni za USB 2.0, zilizotoka mwaka 2000, kifaa kinaruhusiwa kuvuta mkondo usiozidi miliampea 500 kwenye tundu la kompyuta, na USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, iliongeza kiwango hicho hadi miliampea 900. Diski yenye sahani zinazozunguka, ikishashika kasi yake ambayo kwa nyingi za aina hii ni mizunguko 5400 kwa dakika, huendesha kazi ya kusoma na kuandika kwa takriban wati 2, yaani miliampea 400 hivi. Tatizo ni pale inapoanza. Mota inapolazimika kuzivuta sahani kutoka kwenye kusimama hadi kasi kamili, diski ya inchi 2.5 huweza kuvuta karibu ampea 1 nzima kwa sekunde chache. Kwenye karatasi, tundu la USB 2.0 limekwisha kuzidiwa hapo hapo, na diski huwaka tu kwa sababu kompyuta nyingi huvumilia kidogo zaidi ya kanuni kabla ya kukata.

Weka sasa habu katikati. Habu isiyo na adapta haina umeme wake. Inagawa ule ule ulioupokea kutoka kwenye kompyuta, tena baada ya kutumia sehemu yake kwa ajili ya chipu yake yenyewe. Kanuni zimelitambua hilo, ndiyo maana habu ya namna hii ya USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampea 100 tu kwa kila tundu, na ya USB 3.0 miliampea 150. Kwa viwango hivyo diski inayozunguka haikupaswa kupokelewa kabisa. Inapokelewa kwa sababu habu nyingi za bei rahisi zimeunganisha nyaya za umeme za matundu yote pamoja bila kidhibiti chochote, na baadhi yake huiarifu kompyuta kwamba zina umeme wake zenyewe wakati hazina. Kompyuta inaamini, inaruhusu, na kuanzia hapo kila kifaa kinanyang'anyana na mwenzake. Mausi haidai kitu. Feni inadai muda wote, simu inadai kadiri inavyopewa, na diski ndiyo pekee kati yao ambayo ikipunjwa kwa nusu sekunde inapoteza kazi.

Diski iliyopungukiwa umeme ina sauti yake, na anayetaka kuitambua hana budi kuzima feni na redio, kisha ainamishe sikio karibu. Diski yenye afya hutoa mvumo unaopanda taratibu hadi utulie, kisha mguso mdogo wa vichwa vya kusomea vikitoka kwenye egesho lake. Iliyopunjwa huanza mvumo huo huo, lakini kabla haujatulia husikika "ta" moja kavu, mvumo unashuka, kimya kidogo, kisha unaanza upya kutoka mwanzo. Ile "ta" ni vichwa vikirudishwa kwenye egesho kwa dharura. Umeme unaposhuka chini ya kiwango, diski hutumia mzunguko uliobaki wa sahani zake kama jenereta ili kupata nguvu ya mwisho ya kuviondoa vichwa juu ya sahani visije vikatua juu yake. Ni ufundi wa kusifiwa, na umeokoa diski nyingi, lakini mwenye diski husikia mlio tu na kudhani kuna kitu kimevunjika. Diski yenye vichwa vilivyoharibika hugonga pia, ila mara nyingi yake ni milio ya kugonga inayofuatana kwa mpangilio huku sahani zikiendelea kuzunguka bila kupunguza mwendo. Tofauti hiyo ya mvumo kushuka au kutoshuka haimpi mtu uhakika kamili, lakini inamwambia pa kuanzia.

Kipimo cha kwanza ni kuondoa kila kitu. Chomoa habu pamoja na vyote vilivyomo, kisha chomeka diski peke yake moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kebo fupi uliyonayo, kwenye tundu ambalo halijalegea. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, ambayo yamo kwenye ubao mkuu wenyewe, kwa sababu ya mbele hufikiwa kwa nyaya za ndani ambazo nyakati nyingine ni nyembamba na hazikukazwa vizuri. Diski ya kijana yule, ilipochomekwa hivyo, ilivuma, ikatulia, na folda zote zikajitokeza zikiwa na majina ya maharusi na tarehe zao. Sikumruhusu kufungua chochote wala kuhariri. Tulitafuta diski nyingine yenye nafasi na kunakili kwanza, tukianza na kazi ambazo wenyewe walikuwa bado kuzichukua, kwa sababu uchunguzi wowote unaofanywa juu ya diski yenye nakala pekee ya kazi ya mtu ni kamari ya mali ya mwingine.

Baada ya nakala kukamilika ndipo tulipoirudisha habu, tukaunganisha kati yake na diski kipimo kidogo cha USB chenye kioo kinachoonyesha volti na mkondo. Diski ikiwa peke yake kwenye habu iliweza kuanza, ingawa volti zilishuka. Ilipoongezwa feni, volti zilianguka chini ya 4.5, ile "ta" ikasikika, na mlio wa kifaa kutoka ukafuata. Diski nyingi za namna hii zimetengenezwa zivumilie upungufu wa takriban asilimia 5, yaani hadi volti 4.75, kwa hiyo hapakubaki la kubishania. Niongeze kwamba vipimo hivi hubadilisha tarakimu polepole kuliko umeme unavyobadilika, na anguko la kufumba na kufumbua linaweza kupita bila kuonekana kwenye kioo. Ukiona volti zinashuka, amini. Usipoziona zikishuka, usilifute shtaka bado.

Kebo inastahili kutazamwa kwa umakini zaidi kuliko inavyotazamwa. Chukua kebo ya USB uiweke kwenye mwanga, usome maandishi madogo yaliyopigwa chapa kwenye ganda lake. Kwenye kebo nyingi utakuta namba zinazofuatwa na herufi AWG, kipimo cha unene wa waya, mojawapo ikiwa ya nyaya za data na nyingine ya nyaya za umeme. Namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Waya wa umeme wa 28 AWG una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, kebo ya mita moja ina omu 0.42 hivi. Ukivuta miliampea 900 humo, unapoteza karibu volti 0.4 njiani, na volti 5 zilizotoka kwenye kompyuta zinafika kwenye diski zikiwa 4.6. Kebo ya urefu huo huo yenye nyaya za 24 AWG ingepoteza kama volti 0.15 tu. Wauzaji wengi wa vifaa hawakwambii hili, na kebo nyembamba yenye rangi ya kupendeza na urefu wa mita mbili huuzwa kwa bei ya juu kuliko fupi iliyo bora. Kwa diski ya nje, kebo fupi iliyokuja nayo kwenye boksi ndiyo ya kutunza kuliko zote.

Plagi nayo ina lake. Diski nyingi ndogo za USB 3.0 zina tundu pana lenye sehemu mbili, kubwa na ndogo, ambalo hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa ovyo. Sehemu kubwa ya tundu hilo inapokea plagi ya Micro-USB ya simu za zamani, na diski itafanya kazi kupitia hiyo kwa mwendo wa USB 2.0. Hii ni njia nzuri ya kupima ukiwa huna kebo nyingine ya aina hiyo pana: diski iliyokataa kwa kebo yake ikikubali kwa kebo nene ya simu, basi kebo yake au ile sehemu ndogo ya plagi ndiyo mshukiwa.

Kuna maradhi mengine yanayofanana na haya lakini hayatokani na upungufu wa umeme, na namna ya kuyatenganisha ni kuuliza diski hupotea wakati gani. Ikipotea inapoanza kuzunguka au katikati ya kunakili faili kubwa, shuku umeme na kebo. Ikipotea baada ya kukaa bila kazi, hasa kompyuta ikiwa inatumia betri, shuku mipangilio ya kubana matumizi ya nishati, kwa kuwa Windows ina mpangilio wa kuzilaza njia za USB zisizotumika na si kila habu huamka vizuri ikishalazwa. Mpangilio huo umo ndani ya mipangilio ya kina ya nishati na unaweza kuzimwa. Kwenye Linux, amri ya dmesg inakuambia mengi zaidi: utaona kama kifaa kilitoweka ghafla na kupewa namba mpya, ama kilianzishwa upya mahali pale pale, au kama kompyuta imelalamika kwamba tundu limevutwa mkondo kupita kiasi. Na ukiona mausi isiyotumia waya inakwamakwama kila diski inaponakili, usiihukumu mausi wala habu, kwani vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel ililieleza kwa kina mwaka 2012. Sogeza kipokezi cha mausi mbali na diski.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kununua habu yenye adapta yake ya umeme. Ni ushauri wa kweli. Adapta ya volti 5 yenye ampea 2 au zaidi inaondoa mzigo kwenye kompyuta, na kama diski ni zaidi ya moja hakuna njia nyingine ya busara. Lakini sisi ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote tuna hatari ambayo waandishi wa miongozo hiyo hawaifikirii. Umeme wa nyumba ukikatika, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri kana kwamba hakuna kilichotokea, huku adapta ya habu ikizima papo hapo. Habu inarudi kutegemea tundu la kompyuta, volti zinaanguka, na diski iliyokuwa katikati ya kuandika inakatwa. Habu za USB-C zinazopitisha chaji ya kompyuta zina kasoro inayokaribiana na hiyo: chaja inapochomolewa, au umeme unapokatika, nyingi huanza upya makubaliano ya umeme na kompyuta, na katika mapatano hayo vifaa vyote vilivyochomekwa hutoka kwa nukta moja kisha kurudi. Kwa mausi hilo si tukio. Kwa diski inayoandikwa, ni mafaili nusu. Kwa hiyo anayetumia habu yenye adapta aichomeke pamoja na kompyuta kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, hata kiwe kidogo, au asiandike kitu cha thamani kupitia kwayo.

Msimamo wangu kwa mtu mwenye diski moja ni mwepesi zaidi na hauhitaji kununua kitu: tundu la moja kwa moja la kompyuta ni la diski, na vingine vyote vihamie kwenye habu. Watu wengi hufanya kinyume, mausi ikishika tundu la kompyuta kwa sababu ndiyo iliyotangulia, na diski iliyokuja baadaye ikaambulia habu. Kijana yule alibadilisha tu mpangilio wa meza, feni na simu vikahamia kwenye chaja ya ukutani, na tundu lililolegea likapelekwa kutengenezwa.

Kinachofuata ni kujua kama diski iliumia katika kukatwakatwa huko. Diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, na programu kama CrystalDiskInfo kwa Windows au smartctl kwa Linux huzisoma hata kupitia USB kwa diski nyingi. Tazama safu ya namba ghafi, ukikumbuka kwamba CrystalDiskInfo huzionyesha kwa tarakimu za mfumo wa kumi na sita mpaka uibadilishe. Kipengele cha 05 kinahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizoharibika ambazo diski imezibadilisha na za akiba, C5 kinahesabu zile inazozishuku, na C0 kinahesabu mara ambazo vichwa viliegeshwa kwa dharura baada ya umeme kukatika. Diski ya kijana yule ilikuwa na 05 na C5 zikiwa sifuri, na C0 ikiwa kubwa mno kwa umri wake. Kumbukumbu hizo zilikuwa ushahidi wa diski yenyewe kwamba ilikuwa inanyimwa umeme na haikuwa imechakaa. Kama C5 ingekuwa na namba ndogo nisingeogopa mara moja, kwa sababu sekta iliyokatwa katikati ya kuandikwa huweza kuhesabiwa humo, kisha ikapona inapoandikwa upya. Namba inayoongezeka siku hadi siku ndiyo ya kuogopwa.

Ule ujumbe wa kufomati unatokana na kitu kingine tena. Diski inapokatwa wakati ramani ya mafaili inaandikwa, ramani hiyo hubaki pungufu, na Windows ikishindwa kuisoma inapendekeza kutengeneza mpya. Mafaili yenyewe mara nyingi yangalipo mahali pake. NTFS, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, una daftari la mabadiliko linalousaidia kurudisha mpangilio wake baada ya ajali kama hiyo, ilhali exFAT, unaopendwa na watu wa video kwa sababu unasomeka kwenye Windows na Mac bila kikomo cha FAT32 cha gigabaiti 4 kwa faili, hauna daftari hilo. Anayehariri kwa exFAT kupitia habu isiyo na adapta amejiweka pabaya mara mbili. Na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski ambayo hupendekezwa kama dawa, isiendeshwe kabla ya njia ya umeme kuthibitishwa na nakala kutolewa, kwa sababu inaandika juu ya ramani ili kuirekebisha. Ikikatwa katikati na habu ile ile mbovu, kilichokuwa kinarekebishika kinaharibika kabisa.

Zipo diski ambazo ni wagonjwa kweli. Ikiwa moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kebo fupi nene, kwenye tundu zima, bado inagonga au inasoma kwa kusuasua huku C5 ikipanda, basi habu haihusiki tena, na kila dakika ya kuiwasha ni ya kuhesabiwa. Usiifungue boksi kwa matumaini ya kuichomeka kwingine, kwani baadhi ya diski ndogo za nje zina tundu la USB lililoungwa kwenye ubao wa diski wenyewe bila kiunganishi kingine, na baadhi huficha data kwa ufunguo ulio kwenye ubao huo. Ikiwa inaonekana na inasomeka japo kwa shida, tumia ddrescue kuinakili nzima kwenye diski kubwa zaidi au iliyolingana nayo. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziacha ngumu kwa baadaye, na ikipewa faili la ramani huendelea pale ilipoishia hata ikikatizwa, mradi ramani hiyo ihifadhiwe kwenye diski ya tatu na wala si kwenye ile inayookolewa. Ikiwa inagonga bila kuonekana kabisa, izime, na uipeleke kwa wanaofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, ukiwaeleza sauti uliyoisikia na jinsi ilivyokuwa imechomekwa siku ilipoanza.